Askari wa Saio juu ya meza: vita vidogo, swali kubwa

Mjini Bunia, ukimwambia mwendesha moto «Saio», hakuulizi maneno mengi, anajua njia. Bukavu nako kuna Kambi Saio, kambi ya askari jeshi. Lakini Saio lilikuwa kwanza jina la mji wa magharibi mwa Ethiopia, ambao leo unaitwa Dembi Dolo. Huko, tarehe 3 Julai 1941, askari wa Force Publique kutoka Kongo walishambulia ngome ya Waitalia, na siku hiyo hiyo Waitalia wakaomba vita visimame. Jenerali Pietro Gazzera alijitoa mikononi mwa Jenerali Auguste Gilliaert, pamoja na majenerali wengine na maelfu ya askari.

Walio wengi kati ya washindi walikuwa Wakongomani. Walivuka Sudan, wakasafiri zaidi ya kilometa elfu moja kutoka kwao. Waliteka Asosa na Gambela mwezi Machi, kisha wakakaa milimani miezi mitatu katika mvua, chakula kikiwa kidogo na magonjwa yakiwa mengi.

Historia ya namna hiyo ina watu wanaoifuatilia kwa njia ambayo wengi wetu hatuijui. Uingereza, Ubelgiji, Marekani na kwingineko, kuna watu wazima wanaonunua sanamu ndogo za askari wa zamani, wanazipaka rangi moja moja, kisha wanazipanga juu ya meza na kupigana vita upya kwa rula na dadu. Rula inapima askari anaweza kutembea umbali gani. Dadu inaamua kama risasi imepata au imekosa. Mchezo huo ulitokana na mafunzo ya maofisa wa Prussia katika karne ya 19. Mwaka wa 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni kwa ajili ya watu wa kawaida, *Little Wars*. Humo alieleza kwamba mtu akicheza vita hivyo mara chache tu, ataona vita vya kweli ni upumbavu wa namna gani. Mwaka uliofuata, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na ikafika hadi Kongo.

Sanamu iliyo ya kawaida zaidi ina milimita 28, sawa na ncha ya kidole gumba. Ni ya madini au plastiki. Fundi anaisafisha kwa kisu na tupa, anaibandika juu ya kizibo ili aishike vizuri, anaipaka rangi ya kwanza ili rangi nyingine zishike. Kisha anaweka rangi ya nguo, ngozi, bunduki na mkanda. Baadaye anamwagia rangi nyepesi ya majimaji inayoingia kwenye mikunjo na kufanya kivuli, halafu anang'arisha sehemu zilizoinuka. Mwisho ni vanishi, na mchanga kidogo chini ya miguu. Jeshi la sanamu mia linaweza kumaliza miezi.

Kazi inayochosha zaidi ni kujua ukweli. Mwaka wa 1914 askari wa Force Publique alivaa nguo ya buluu na kofia nyekundu ya tarbushi, mara nyingi akitembea bila viatu. Vita vilipoendelea, kaki ilichukua nafasi ya buluu. Kwa hiyo anayetaka kupaka jeshi lililoteka Tabora mnamo Septemba 1916 lazima ajue mwaka kabla ya kufungua kopo la rangi. Hata ngozi ina somo lake. Fundi mvivu anapaka nyeusi tupu, na askari wote wanakuwa kivuli kimoja. Fundi mzuri anaanza na kahawia nzito, anaongeza wekundu kidogo au rangi ya udongo kwenye shavu na pua, na hapo uso wa mtu unatokea.

Ndiyo maana jambo hili linatuhusu. Mfululizo mmoja maarufu wa sanamu hizo, wa kampuni ya Uingereza, unaitwa *Darkest Africa*, yaani Afrika yenye giza kuliko zote. Anayechagua jina, rangi na sura ndiye anayesimulia. Juu ya meza, Gilliaert ana jina, Gazzera ana jina. Askari aliyebeba bunduki ni «askari namba nne». Na wapagazi, ambao katika Vita ya Kwanza walikuwa zaidi ya 200,000 kwa upande wa Kongo? Meza isiyo na wapagazi inadanganya, maana pasipo wao risasi na unga havikufika Tabora.

Mkaaji wa Bunia ana haki ya kuuliza: vita ni mchezo? Mji huu ulipigwa mwaka wa 2003, na tangu Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Wapo majirani zetu wanaolala kambini kwa sababu vijiji vyao vimechomwa. Swali hilo halijibiwi kwa mzaha. Lakini tofauti ipo kati ya kushangilia vita na kuwakumbuka waliotumwa kupigana vita ambavyo si wao walivianzisha.

Mwezi Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyetumikia Force Publique katika Vita ya Pili. Heshima hiyo ilimkuta akiwa hai. Wenzake wengi haikuwakuta.

Watoto wetu wanajua kufinyanga watu kwa udongo na kutengeneza gari kwa waya na mikebe. Hawahitaji sanamu za bei kali ili waanze. Udongo, brashi ndogo na rangi zilizobaki za kupaka nyumba zinatosha. Kinachohitajika zaidi ni maswali kwa wazee wa familia: nani alienda, alirudi na nini, aliitwa nani? Jina likipatikana, liandikwe chini ya sanamu. Hapo mtoto wa Saio atajua kwamba mtaa wake una jina la mahali babu wa watu walipopigana, mbali sana na nyumbani.