Laptopu ya bei poa: uliza kwanza, toa dola baadaye

Ndugu yangu wa Lanham, ukiuziwa laptopu ya mtumba usitazame rangi. Maunzi ni kile unachokishika: skrini, kibodi, betri. Programu huishiki, ila ndiyo inayokufanyia kazi. Muuzaji akisema "memori 256" anazungumzia diski, yaani stoo ya picha na mafaili. RAM ni kitu kingine, ni meza ya kazi. Ikiwa GB 4 itajikokota, tafuta 8.

Halafu uliza ni Windows gani. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Ndiyo maana zingine zinauzwa chee! Wewe unayetuma hela nyumbani, mashine isiyozibwa matundu ya usalama si ya kufungulia benki.

Na skrini ikipiga kelele "una virusi, piga namba hii," usipige. Maonyo ya kweli ya Microsoft hayana namba ya simu. Ukipiga, utaambiwa uweke programu ya kumruhusu mtu aiendeshe kompyuta yako akiwa mbali, kisha ufungue akaunti. Zima mashine.

Maktaba za Prince George's County zina kompyuta za umma. Jifunzie huko, ila pesa usitumie pale.