Futi 18 au Futi 22? Anza na Gari Lako

Familia inayotafuta boti ya pontuni huko Minnesota kwa kawaida huanza kwa kuhesabu vichwa. Baba, mama, watoto watatu, bibi aliyekuja kutembea, na shangazi asiyekosa safari. Muuzaji akiwapandisha kwenye ya futi 18 wanaona wamebanana. Akiwapandisha kwenye ya futi 22 wanaanza kugawana viti. Mimi ningeanza na gari lililoegeshwa nyumbani.

Pontuni ni jukwaa bapa lililokaa juu ya mapipa marefu ya alumini. Upana wa nyingi hauzidi futi 8.5, kwa kuwa ndio upana unaoruhusiwa barabarani bila kibali maalumu. Kwa hiyo ukiongeza futi nne za urefu, unanunua eneo la futi za mraba 34 hivi, kama mita tatu za mraba. Linatosha kochi la ziada na meza, basi.

Sasa piga hesabu ya uzito. Boti ya futi 18 ina pauni kama 1,600. Weka injini, mafuta na trela, unakaribia pauni 2,800. Ya futi 22, pamoja na injini ya nguvu farasi 115 na trela ya ekseli mbili, hufika 4,000 kwa urahisi, na hapo hujapakia barafu wala nyama ya kuchoma. Magari mengi ya familia yameandikiwa kuvuta pauni 3,500 tu. Kwenye boti mpya, tofauti ya bei ya dola 10,000 au zaidi si ajabu, lakini ukilazimika kubadilisha na gari, hiyo ni fedha ndogo.

Kisha kuna gharama zisizoisha. Maziwa ya kule huganda, hivyo kila vuli boti hutolewa majini, injini ikaandaliwa kwa baridi na boti ikafunikwa. Ghala na gati nyingi hutoza kwa futi. Futi zile nne utazilipia kila mwaka, hata kiangazi ambacho hukutoka kabisa.

Kubwa ina haki yake, hasa kwenye ziwa kama Mille Lacs, ambalo ni pana, si la kina kirefu, na upepo huliinulia mawimbi ya karibu karibu. Huko urefu hutuliza safari. Penye maji madogo yaliyotulia, faida hiyo huioni, na ndogo huingia gatini bila kusukumwasukumwa sana na upepo.

Usidanganywe na idadi ya watu iliyo kwenye kibao cha boti. Hicho ni kipimo cha usalama. Raha ni jambo jingine. Kibao kikisema tisa, sita ndio watakaoketi vizuri. Jaketi za kuokolea maisha lazima zitoshe wote, na Minnesota mtoto wa chini ya miaka 10 huvaa yake boti inapokwenda.

Kama utaivuta kwa trela kila wikendi, chukua ya futi 18, na siku wageni wakijaa, kodi kubwa kwa siku hiyo. Kama una gati lako na boti itakaa majini kiangazi chote, ya futi 22 ina maana, mradi usikubali ipunguzwe bei kwa kufungwa injini ya nguvu farasi 60. Ikijaa watu, upepo wa mbele utaifanya itambae.