"Tian": Neno la Kichina Lililozusha Ugomvi

Mchina akitaka kutaja mbingu husema "tian". Lakini "leo" kwake ni "jintian", na "kesho" ni "mingtian", maana neno hilo hilo ni mbingu, tena ni siku. Na mama akistuka hulia "Tian a!", kama sisi tusemavyo "Mungu wangu!"

Kuliandika ni mistari minne tu. Walimu wa kale walifundisha kwamba ni alama ya "moja" juu ya alama ya "kubwa". Lakini katika mifupa iliyochongwa maandishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ni picha ya mtu mwenye kichwa kikubwa. Mimi naisadiki mifupa.

Basi, ugomvi ulitoka wapi? Padre Matteo Ricci, Myesuiti wa Italia, alifika Macau mwaka 1582, akakaa Beijing tangu 1601 hata alipofariki mwaka 1610. Yeye na wenzake walimwita Mungu "Tianzhu", yaani Bwana wa Mbingu. Tena Ricci, kwa kusoma vitabu vya wenye hekima wa China, aliona kuwa hata "Tian" peke yake, au "Shangdi", Mtawala wa Juu, laweza kumtaja Mungu wa kweli. Mapadre wengine wakakataa: mbingu ni kiumbe, je, Mkristo asujudie anga? Swali lao halikuwa la kipuuzi.

Mwaka 1704 Baba Mtakatifu Klementi XI alikata shauri kwamba litumike "Tianzhu" tu, na mwaka 1715 akalikaza tena. Hata vibao vya "Jing Tian", Heshimu Mbingu, vikakatazwa makanisani, ingawa Kaisari Kangxi mwenyewe ndiye aliyewaandikia mapadre maneno hayo. Pamoja na hayo zilikatazwa heshima za Confucius na za wazee waliokufa. Kaisari akakasirika, na mwaka 1721 akaamuru mahubiri yakome. Waumini wakapata taabu ya miaka mingi.

Heshima zile ziliruhusiwa mwaka 1939, wakati wa Papa Pio XII. Lakini jina la Mungu halikubadilishwa. Hata leo Ukatoliki huko huitwa "Tianzhujiao", dini ya Bwana wa Mbingu. Na Waprotestanti, ambao wengi wao husema "Shangdi" au "Shen", dini yao huitwa "Jidujiao", dini ya Kristo. Kwa hiyo katika orodha ya serikali ya China, ndugu hawa wawili wameandikwa kuwa dini mbili mbalimbali.