Ng'ombe Amezaa, Ndama Hashibi: Tufanyeje?



Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna pa kulishia ng'ombe. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba. Hata hivyo mtu wa mjini aweza kuwa na ng'ombe wake kwa ndugu huko bara, Kisauni au Likoni. Siku moja analetewa habari: "Amezaa, lakini ndama analia tu, kiwele hakina kitu."

Kwa kikundi kinachofuata mpango wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe" jambo hili ni zito. Ndama jike wa kwanza ni deni, kuna mwenzetu anamngojea. Akifa, hasara si ya nyumba moja.

1. Kazi huanza kabla ya kuzaa
Acha kumkama miezi 2 kabla ya siku zake, ili kiwele kipumzike. Najua, pesa ya maziwa inauma kuiacha. Lakini asiyepumzika hutoa maziwa machache baadaye. Mpe matete, majani ya lukina au glirisidia, na chumvi ya madini. Pumba za mahindi na mashudu ya nazi ongeza kidogo kidogo, usimshtue tumbo.

2. Maziwa ya kwanza ni dawa
Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni mazito na ya manjano. Wako wanaoyamwaga. Jamani, tusifanye hivyo! Ndama huzaliwa hana kinga. Kinga yake imo humo. Ayanywe mapema, yasipite saa 6. Baada ya saa 24 tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo. Ndama wa kilo 25 apate kama lita 2 na nusu.

3. Maji
Katika maziwa, sehemu 87 kwa 100 ni maji. Kwa joto la Pwani ng'ombe anayenyonyesha aweza kunywa lita 60 kwa siku, yaani mitungi 3 ya lita 20. Panaponunuliwa maji kwa mtungi, mchungaji humpimia. Hapo ndipo maziwa yanapopotea! Pesa ya maji iwekwe mapema.

4. Utulivu
Ng'ombe aliyepigwa au kutishwa huzuia maziwa. Wengi wa kienyeji hawashushi mpaka ndama aguse chuchu. Basi mwache ndama aanze, umkande mama kiwele kwa maji ya vuguvugu. Mnunuzi angoje; ndama ashibe kwanza.

5. Kama bado hayatoki
Kama kila chuchu. Kiwele kikiwa moto, kimevimba, au maziwa yana mabonge, huo ni ugonjwa. Mama akilala na kushindwa kuinuka, huenda ni homa ya maziwa. Yote mawili, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wakati huo omba dang'a ya ng'ombe mwingine aliyezaa karibuni na mwenye afya, uipashe iwe na joto la mwili, umnyweshe ndama kwa chupa yenye chuchu. Usimmiminie kooni kwa nguvu, maziwa yataingia mapafuni.

Ya kuzungumza kikundini
- Ng'ombe wetu anapumzishwa miezi mingapi?
- Nani hulipia maji yake, na anapata mitungi mingapi kwa siku?
- Akizaa usiku, nani atakuwa karibu naye?