JE, NI MAJIRA TU, AU NI MKONO WA BINADAMU?



Barazani na penye majamvi ya kuanikia karafuu, neno moja halikosi kusemwa siku hizi: mvua haziji kama tulivyozizoea. Wengine husema hayo ni majira tu, nayo hubadilika tangu zamani. Neno hilo lina ukweli wake. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, wala wakati huo hapakuwa na motokaa hata moja visiwani. Lakini joto linaloongezeka sasa duniani lina sababu nyingine, na sababu hiyo imepimwa.

Makaa ya mawe na mafuta yanapochomwa hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hulizuia joto la ardhi lisitoke upesi kwenda angani, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 1958 mtaalamu wa Kimarekani, Charles David Keeling, alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, akakuta kiasi cha 315. Mwaka 2024 zilipita 420.

Tutajuaje kwamba si jua lililozidi ukali? Lau ingekuwa jua, hewa ya chini na ile ya juu sana zote zingepata joto. Vipimo vyaonyesha kwamba ya chini yapata joto, na ya juu sana yapoa. Hivyo ndivyo iwavyo joto likizuiwa huku chini.

Sisi yatuhusu nini? Mkarafuu wataka kipindi cha ukavu ili utoe maua vizuri. Karafuu nayo huchumwa kabla ua halijafunguka, kisha yataka siku kadhaa za jua kali. Ikinyeshewa jamvini huvunda, na daraja lake hushuka. Joto la hewa likipanda digrii moja, hewa huweza kubeba maji zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Ndiyo maana mvua kubwa huzidi nguvu. Basi mkulima ndiye alipaye, ingawa sehemu kubwa ya hewa hiyo ya ukaa haikutoka kwake.

Mkarafuu huishi kupita umri wa aliyeupanda. Mche tutakaoutia ardhini msimu huu utaikuta hali ya hewa watakayoijua wajukuu wetu. Kwa hiyo tusikate miti ya mashambani kwa ajili ya mkaa, miche tuipe kivuli, na turubai liwe karibu kila tuanikapo. Hayo yako mikononi mwetu. Kupunguza uchomaji wa mafuta na makaa ya mawe ni wajibu wa mataifa makubwa kwanza, nasi tuna haki ya kuwadai. Lakini mwenye kudai hana budi aijue hesabu yake.