KENYA: ASKARI, MSHAHARA NA DENI LA SIMU

Katika nchi jirani ya Kenya, kadi ya mkopo ya benki ni chombo cha watu wachache. Mfanyakazi wa kipato cha chini, awe karani, mwalimu, askari polisi au mwanajeshi, aghalabu hana kadi hiyo. Lakini anayo simu, na simu hiyo imekuwa benki yake, duka lake na mkopeshaji wake. Kwa hiyo deni ambalo katika nchi za Ulaya na Marekani humjia mtu kwa njia ya kadi, nchini Kenya humjia kwa kubonyeza namba chache usiku, akiwa kitandani kambini au kwenye lindo.

Historia ya jambo hili si ndefu. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007 kwa ajili ya kutuma na kupokea fedha. Mwezi Novemba 2012 ikaja M-Shwari, iliyompa mteja akiba na mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Mwezi Januari 2019 ikafuata Fuliza, ambayo kwa kweli ndiyo ile ruhusa ya benki ya kutoa fedha kupita kiasi kilichomo katika akaunti. Mtu ana shilingi 200, anataka kulipa 700, na mtambo unamjazia 500 zilizopungua. Jina lenyewe ni la Kiswahili fasaha. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kusita, na hivyo ndivyo wengi walivyoitumia huduma hiyo.

Hapana budi kusema wazi kwamba huduma hizi zimewasaidia watu. Mama aliyepelekwa hospitali saa nane za usiku hawezi kungoja benki ifunguliwe. Askari aliyehamishwa ghafula kutoka Mombasa kwenda Garissa huhitaji nauli siku hiyo hiyo. Ubaya huanza pale ambapo fedha za dharura zinageuka kuwa sehemu ya mshahara wa kila mwezi. Hapo ndipo msemo wa wazee unapotimia, kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Tutazame hesabu yenyewe, maana deni la namna hii hujificha katika udogo wa tarakimu. Kwa viwango vya Fuliza vilivyoanza kutumika mwezi Oktoba 2022, aliyechukua shilingi 1,000 alitozwa ada ya kuanzia ya kiasi cha asilimia 1, yaani shilingi 10, akapewa siku tatu bila malipo, kisha akatozwa shilingi 6 kila siku. Kabla ya hapo ada ya siku ilikuwa shilingi 10. Shilingi 6 ni fedha ndogo mno, na hakuna mtu anayekosa usingizi kwa ajili yake. Lakini akikaa na deni hilo siku 30, atakuwa amelipa shilingi 172 juu ya shilingi 1,000. Akirudia hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 2,064 kwa kutumia shilingi 1,000 ile ile. Amelipa zaidi ya mara mbili ya fedha alizokopa, na bado anadaiwa.

Jambo la pili ni jinsi malipo yanavyokatwa. Kila fedha inayoingia katika simu ya mdaiwa huchukuliwa kwanza kulipa deni hilo. Akitumiwa shilingi 1,500 na nduguye kwa ajili ya ada ya mtoto, mtambo huchukua chake mbele. Ada ya mtoto inapungua, naye hulazimika kukopa tena siku ile ile ili aijazie. Kwa kitabu cha mkopeshaji, mtu huyo ni mlipaji mwema kabisa. Kwa kitabu chake mwenyewe, hajawahi kutoka deni hata siku moja.

Jambo la tatu ni wingi wa wakopeshaji. Baada ya mikopo ya benki kupitia simu, yalizuka makampuni mengi ya mikopo ya simu ambayo kwa miaka kadhaa hayakuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya. Baadhi yao yalisoma majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa yakawapigia wazazi wake, marafiki zake na hata wakubwa wake wa kazi. Ilikuwa ni kumwaibisha mtu hadharani ili alipe, na wengi walikopa kwa kampuni moja ili kuinyamazisha nyingine.

Serikali ya Kenya ilichukua hatua. Sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa mwaka 1921? La, ni hivi karibuni tu, mwezi Desemba 2021, na kanuni za wakopeshaji wa simu zikatolewa mwezi Machi 2022. Kanuni hizo zinamtaka mkopeshaji awe na leseni, aeleze gharama zake zote mapema, na zinamkataza kutisha, kutukana au kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Mwezi Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kusafisha majina ya wadaiwa wadogo. Mabenki yalitakiwa kusamehe angalau nusu ya mikopo mibovu ya simu ya muda usiozidi siku 30, na mdaiwa alipe sehemu iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023. Mikopo iliyohusika ilikuwa ya kiasi cha shilingi bilioni 30, na waliokuwa wameandikwa vibaya katika ofisi za taarifa za mikopo walikuwa zaidi ya watu milioni 4.2. Idadi hiyo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe.

Lakini mpango wa serikali hauwezi kumtoa kila mtu katika shimo lake. Je, mfanyakazi wa kipato cha chini afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kujua idadi. Hakuna kamanda anayepanga kutoka katika mzingiro kabla ya kujua adui yuko wapi na ana nguvu kiasi gani. Mdaiwa na achukue daftari, aandike kila deni: jina la mkopeshaji, kiasi kilichobaki, gharama yake kwa mwezi na siku ya kulipa. Aandike pia deni la duka la kambini na lile la rafiki. Wengi huogopa hatua hii kuliko zote, kwa sababu jumla huwa kubwa kuliko walivyodhani. Hata hivyo deni lisiloandikwa halipungui kwa kutotazamwa.

Hatua ya pili ni kuacha kuongeza. Mtu anayechota maji katika mtumbwi uliotoboka huziba tundu kwanza. Huduma ya Fuliza yaweza kufungwa na mteja mwenyewe kwa simu yake mara amalizapo kulipa, na kikomo kikubwa cha kukopa si sifa ya mtu wala cheo. Michezo ya kubahatisha ya simu nayo ikatwe kabisa, kwa maana hakuna aliyelipa deni kwa kubashiri mpira isipokuwa yule anayesimuliwa na wengine.

Hatua ya tatu ni kubadilisha deni ghali kwa deni rahisi, na hapa ndipo askari wa Kenya wanapopata nafasi ambayo wachuuzi na vibarua hawana. Polisi wanacho chama chao cha ushirika wa akiba na mikopo, na wanajeshi wanacho chao kiitwacho Ulinzi. Vyama vya namna hii aghalabu hutoza kiasi cha asilimia 1 kwa mwezi, tena juu ya deni linalobaki.

Tuchukue mfano wa askari mwenye madeni ya simu ya jumla ya shilingi 20,000, yanayomgharimu asilimia 7.5 kwa mwezi. Kila mwezi hutoa shilingi 1,500 za ada tu ili deni lizungushwe. Baada ya miezi 12 atakuwa ametoa shilingi 18,000, na zile 20,000 zipo pale pale. Sasa askari huyo huyo akikopa shilingi 20,000 katika chama chake kwa asilimia 1 kwa mwezi, akayalipa madeni yote ya simu kwa siku moja, atakatwa takriban shilingi 1,780 kila mwezi kwa miezi 12. Riba ya mwaka mzima itakuwa kiasi cha shilingi 1,325, na mwisho wa mwaka hadaiwi na mtu. Tofauti kati ya kubaki mtumwa na kuwa huru ni shilingi 280 kwa mwezi.

Njia hii ina masharti mawili. La kwanza, fedha za chama zikipatikana zilipe deni siku hiyo hiyo, na mlango wa simu ufungwe. Mtu akichukua mkopo wa chama kisha akaendelea kufuliza, amejipatia madeni mawili badala ya moja. La pili ni wadhamini. Katika vyama vya ushirika, askari hudhaminiwa na askari mwenzake, na akiba ya mdhamini ndiyo inayoshikwa mdaiwa akikimbia. Kumkimbia mkopeshaji wa simu ni jambo moja. Kumwachia mzigo mtu mnayelinda pamoja usiku ni jambo jingine, na kikosi kizima hulijua.

Aliye nje ya chama anayo njia ndefu zaidi. Na aanze na deni lenye gharama kubwa kwa mwezi, alilipe kwa nguvu zake zote, huku mengine akiyalipa kiasi cha chini kinachotakiwa. Likiisha, fedha zilizokuwa zikienda huko zihamie deni linalofuata, zisirudi mfukoni. Mwenye madeni madogo mengi aweza kuanza na lililo dogo kuliko yote ili apunguze idadi ya wanaomdai na apate moyo. Tangu Novemba 30, 2022 upo pia mfuko wa serikali ya Kenya ujulikanao kama Hustler Fund, unaokopesha kwa asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 1,000 kwa siku 14 katika mfuko huo ni riba ya kiasi cha shilingi 3. Unafuu huo ni mkubwa, lakini kiwango anachoanzia mtu ni kidogo na muda wake ni mfupi.

Hatua ya nne ni kuzungumza na mkopeshaji kabla hajatafuta. Mpango wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mabenki hukubali kupokea nusu kuliko kukosa yote. Mdaiwa na aombe kugawiwa malipo, na apewe makubaliano kwa maandishi. Azijue pia haki zake. Sheria ya Mabenki ya Kenya inaweka mpaka: mkopo wa benki ukishakuwa mbovu, riba itakayodaiwa haiwezi kuzidi msingi uliokuwa umebaki siku ile. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inakataza makato yote ya mshahara kuzidi theluthi mbili. Yaani mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hana budi kubakiwa na shilingi 10,000. Theluthi hiyo ni ya chakula cha watoto. Kuitoa tena kwa siri kwa njia ya simu ni kuivunja ngome ambayo sheria imeijenga.

Hatua ya mwisho ni kumwambia mwenzi wa nyumbani. Askari wengi huishi mbali na jamaa zao, na ni rahisi deni kukua kambini bila mke au mume kujua. Siku ya kufichuka huja, na aghalabu huletwa na sauti ya mkopeshaji asiyejua adabu.

Hapa nchini mambo haya si mageni. Wananchi wenyewe wameipa mikopo ya riba kali jina la kausha damu, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzuia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila leseni. Kwa hiyo yanayowapata majirani yanatufundisha mapema.

Kwa askari, deni lina uzito zaidi ya ule wa hesabu. Polisi anayedaiwa pande zote husimama barabarani akiwa na njaa ya fedha, na mhalifu huijua njaa hiyo kabla ya mkuu wa kituo. Mwanajeshi anayepigiwa simu ishirini kwa siku hawezi kuwa na akili yote kwenye lindo. Mkuu wa kikosi anayemsikiliza kijana wake mapema, akamwelekeza kwenye chama cha ushirika badala ya kumcheka, analinda silaha iliyo mikononi mwa kijana huyo. Dawa ya deni ni kulipa, na askari anayeianza dawa hiyo kwa daftari na kalamu mwezi huu atakuwa ameimaliza kabla ya mwaka kugeuka.