Ukoo wa jeni unaoivisha ndizi

Mkungu wa mchare ukishakatwa Masama na kushushwa soko la Kwa Sadala, hauna siku nyingi. Ndizi za mchare hupikwa zingali mbichi, kwenye mtori na machalari. Zikianza kupata manjano ndani ya lori kabla ya Dar es Salaam, bei inaporomoka. Saa ya kuiva hupangwa na jeni za mgomba wenyewe, na baadhi ya jeni hizo zinatoka katika ukoo unaojulikana zaidi kwa kazi ya kuunda maua.

Ukoo huo unaitwa MADS. Jina limetokana na herufi za mwanzo za jeni nne: moja ya hamira, mbili za mimea, na moja ya binadamu. Sisi binadamu tunazo jeni tano tu za ukoo huu. Arabidopsis, gugu dogo ambalo wanasayansi wa mimea hulitumia sana maabara, lina zaidi ya 100. Kila moja hutengeneza protini inayoshika mahali fulani kwenye DNA na kuziamrisha jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze.

Chungulia mkungu unaoanza kufunguka. Chini ya kila gamba la zambarau kuna safu ya maua. Yaliyotangulia kutoka yana ovari nene, ndizo zitakazokuwa chane. Yanayofuata baadaye, kuelekea nchani, ni madume yenye ovari iliyodumaa, nayo hupukutika. Maua yote hayo yana jeni zile zile. Kinachotofautiana ni zipi zimeamka, wapi, na lini.

Mwaka 1991 Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walieleza jinsi makundi matatu ya jeni yanavyopeana zamu kuunda sehemu za ua, na karibu zote ni za ukoo wa MADS. Baadaye likaongezwa kundi la SEPALLATA. Ukizima jeni moja ya kundi hili kwenye Arabidopsis, huoni mabadiliko makubwa, kwa sababu wenzake wanaziba pengo. Ukizima tatu, petali na stameni zote zinageuka sepali, yale majani madogo yanayofunika ua changa. Ukizima nne, unabaki na majani matupu mahali pa ua.

Mgomba una nakala nyingi za namna hiyo. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2012 zilionekana jeni zaidi ya 36,000, na alama kwamba wahenga wake waliwahi kurudufu jenomu nzima mara tatu. Jeni ikishakuwa na nakala, moja inaweza kubaki na kazi ya zamani na nyingine ikapata mpya. Kwenye nyanya, badiliko fulani katika jeni ya MADS iliyotambuliwa mwaka 2002 hufanya tunda likatae kuiva. Kwenye ndizi, watafiti wa Israel na Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba ukipunguza nguvu ya MaMADS1 au MaMADS2, zote za kundi la SEPALLATA, ndizi inachelewa sana kuiva. Lakini ukiipulizia ethilini, gesi ambayo matunda yenyewe huitoa, inaiva.

Hilo la mwisho ndilo linalonivutia zaidi. Anayevundika ndizi za mbege, ile pombe ya ndizi, anafanya kazi na ethilini: akizifunika, gesi inayotoka kwenye zilizotangulia kuiva inaziamsha nyingine. Ndizi inayochelewa njiani lakini bado inaitikia ethilini haimnyang'anyi mpika mbege chochote.

Mche wa namna hiyo si lazima utengenezwe kwa kuhamisha vinasaba maabara. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walioko Arusha wanazalisha mchare kwa kuchavusha, kazi ngumu kwa mmea unaotoa mbegu kwa nadra, na mara nyingi kiinitete hulazimika kukuzwa kwenye chupa. Kisha unasubiri mkungu. Anayejua ni nakala ipi ya jeni inayohusika anaweza kupima kipande cha jani la mche mchanga na kuchagua mapema.

Kwa maoni yangu, ugonjwa wa mnyauko wa fuzari bado unastahili kutangulia katika uzalishaji huo, maana unaua shina lenyewe. Kuiva kufuate, na miche ipimwe jikoni pia, kwa sababu mgomba ambao ndizi zake hazilainiki kwenye mtori hautapewa nafasi kihambani hata ukivumilia safari ya lori.